Takriri ya Sura Moja: Uhakiki wa Mkusanyo wa NFT wa "Ghozali Everyday"

Katika masomo yetu ya fasihi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na mashairi kwa kutazama fani na maudhui. Insha hii inatumia zana hizohizo kwa kazi ya picha: mkusanyo wa selfi 933 uitwao "Ghozali Everyday", uliowekwa sokoni na Sultan Gustaf Al Ghozali, mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Semarang, Indonesia, na kupata umaarufu Januari 2022. Ulikuwa mkusanyo wa kwanza wa mtu asiye na jina katika sanaa, na hadi leo vijana wanaotaka kuanza huutaja kama kielelezo. Tatizo ni kwamba huutaja kama hadithi ya utajiri. Wachache huuliza kama kazi yenyewe ina uzito wowote.

Kwanza tufafanue istilahi. NFT ni tokeni ya pekee iliyoandikwa kwenye blokucheni, yaani daftari la kidijitali ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Tokeni huonyesha nani anamiliki nini. Mara nyingi picha yenyewe haimo ndani ya daftari hilo. Kilichomo ni anwani ya mahali picha ilipohifadhiwa. Wala hakimiliki haimfuati mnunuzi isipokuwa msanii ametamka hivyo. Kwa hiyo anayenunua NFT hununua kumbukumbu ya umiliki, na picha itaendelea kuonekana na kila mtu.

Tukianza na fani, nguzo kuu ya mkusanyo huu ni takriri. Ghozali alijipiga picha kati ya mwaka 2017 na 2021, tangu akiwa na miaka 18 hadi 22, mbele ya kompyuta yake. Uso ni uleule na macho hayana furaha wala huzuni. Mandhari ni finyu: kiti, ukuta, mwanga wa skrini. Ukitazama picha moja, huoni sanaa. Ukitazama mia, unaanza kutafuta tofauti ndogo za nywele, nguo na mwanga, kama msikilizaji wa wimbo anavyongoja kibwagizo kirudi kikiwa na neno moja jipya. Takriri hapa humlazimisha mtazamaji kuhesabu siku.

Mbinu hii si ngeni. Mpigapicha Noah Kalina wa Marekani alianza kujipiga picha kila siku mwaka 2000, na video yake ya mwaka 2006 ilitazamwa na mamilioni. Mike Winkelmann, ajulikanaye kama Beeple, alianza kutengeneza picha moja kila siku tangu Mei 2007. Mkusanyiko wa picha zake 5,000 za kwanza uliuzwa na Christie's Machi 2021 kwa zaidi ya dola milioni 69. Lakini Beeple alikuwa akijifunza ufundi, na maendeleo yake yanaonekana. Ghozali hakujifunza chochote katika picha zake. Alichokusanya ni muda peke yake.

Hapo ndipo anapotofautiana na mikusanyo mingi ya NFT. CryptoPunks ya Larva Labs (2017) na Bored Ape Yacht Club ya Yuga Labs (2021) kila moja ina picha 10,000 zilizozalishwa kwa programu: kofia hii, miwani ile, rangi hii ya ngozi, kisha kompyuta huchanganya. Anayeanza leo hufundishwa njia hiyohiyo: chora tabaka chache, acha programu izidishe. Idadi hupatikana kwa dakika, na uhaba wa sifa fulani hupangwa kwa asilimia. Picha 933 za Ghozali hazikuweza kuzidishwa. Siku aliyoiruka haikurudi. Uhaba wake ulitokana na maisha, na kwa maoni yangu hii ndiyo thamani ya kweli ya kazi hii.

Hata hivyo, fani ina kasoro kubwa. Nia ya awali ya Ghozali ilikuwa kuziunganisha picha ziwe video ya kumbukumbu ya mahafali yake. Video ingekuwa na msuko: mwanzo, mwendo, kikomo. Zilipouzwa moja moja, msuko ulikatika. Mnunuzi wa picha ya siku moja ana ukurasa mmoja wa shajara ya mtu asiyemjua. Kazi inabaki kamili pale tu tunapotazama orodha nzima. Kwa maneno mengine, soko lilinunua silabi, na shairi likabaki bila mwenyewe.

Tukigeukia maudhui, dhamira ya kwanza ni muda, na ya pili ni mtu kugeuka bidhaa. Ghozali aliweka bei ya takribani dola 3 kwa picha, akidhani litakuwa jambo la kuchekesha mtu akinunua uso wake. Mzaha ukapokelewa kwa mzaha mkubwa zaidi: katika siku chache biashara ya picha hizo ilipita dola milioni moja. Hapa hesabu ni muhimu. Kama picha zote zingeuzwa kwa bei ile ya mwanzo, msanii angepata dola 2,799. Fedha nyingine zilizunguka kati ya wauzaji wa mkono wa pili, naye akipata fungu dogo. Hata fungu hilo si la uhakika: mwaka 2023 OpenSea, soko alilolitumia, ilitangaza kwamba haitawalazimisha tena wauzaji kulilipa. Bei za picha zake nazo zilishuka sana baada ya msisimko kupoa.

La kugusa zaidi ni kwamba Ghozali aliwaomba wanunuzi wasizitumie picha zake vibaya. Ombi hilo ndilo sauti ya kweli ya mkusanyo. Linaonyesha mtu aliyetambua kwamba ameuza kitu ambacho hawezi kukiita nyumbani. Mamlaka ya kodi ya Indonesia ilimkumbusha wajibu wake hadharani, na baadhi ya Waindonesia wakaanza kuuza picha zao wakiwa na vitambulisho vya taifa, hadi serikali ikatoa onyo. Waigaji hao walichukua umbo la nje, yaani uso na bei, wakaacha miaka minne. Kitambulisho kikishasambaa hakirudi, na daftari la blokucheni halina kifutio.

Wapo wasemao kwamba kazi hii haina thamani kwa sababu wanunuzi walikuwa wakicheka. Wengine husema dola milioni moja ni ushahidi wa ubora. Hoja zote mbili zinachanganya bei na thamani. Kicheko cha mnunuzi hakifuti siku alizokaa Ghozali mbele ya kamera, na fedha za mnunuzi haziongezi hata siku moja. Mhakiki hana budi kuirudia kazi yenyewe.

Tunahitimisha kwamba "Ghozali Everyday" ni kazi nzuri iliyowekwa katika umbo lisiloifaa. Kwa mwanafunzi anayekusudia kuandaa mkusanyo wake wa kwanza, inaacha maswali matatu ya kujibiwa kabla ya kufungua pochi ya kidijitali: je, picha hizi zinahitaji kuwa nyingi, au wingi umeletwa na programu? Je, zikitawanyika mikononi mwa wageni, kila moja itasimama peke yake? Na je, kuna chochote ndani yake ambacho nitatamani kukirudisha? Ghozali alikuwa na jibu zuri kwa swali la kwanza tu.