Kuisaka Dawa Ndani ya Mti

Kaanga, chemsha au saga kilo nzima ya mti wa Maytenus ovatus kutoka Ethiopia, na humo mtakuwa na kemikali iitwayo maitansini ipatayo miligramu 0.2 tu. Kilichobaki chote ni nyuzi, wanga, tanini, mafuta na rangi. Morris Kupchan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliisaka chembe hiyo bila kujua ina sura gani. Walijua jambo moja tu: ndani ya mti ule mna kitu kinachoua seli za saratani.

Ufundi wao nauheshimu kuliko habari nyingi zinazotangazwa kuhusu miti ya ajabu. Unga hulowekwa kwenye alkoholi, huchujwa, kisha alkoholi huondolewa hadi ubaki utomvu mzito. Utomvu hutikiswa pamoja na maji na kiyeyusho kisichochanganyika na maji. Vikitulia, hujitenga matabaka mawili, na kila kemikali huhamia upande inakoyeyuka vizuri zaidi. Hapo hakuna kukisia. Sampuli ya kila tabaka hujaribiwa kwenye seli za saratani zinazokuzwa maabara na kwa panya wenye saratani ya damu. Tabaka lenye nguvu ndilo linaloendelea. Hupitishwa kwenye bomba la kioo lililoshindiliwa silika, likadondoka tone baada ya tone, na kila kichupa kinachokinga chini hujaribiwa upya. Ni kupepeta, ila mpepetaji hajawahi kuiona punje anayoitafuta.

Mwaka 1972 walitangaza walichokipata, umbo lake likiwa limesomwa kwa eksirei iliyopitishwa kwenye fuwele.

Msako ukafika pwani ya Kenya. Maytenus buchananii ya Shimba Hills, Kwale, ilikuwa na maitansini nyingi zaidi, kama miligramu 1.5 kwa kilo. Wadigo walikuwa wakiutumia mti huo katika tiba zao tangu zamani. Katika miaka ya 1970, tani zipatazo 27 zilikusanywa huko kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Piga hesabu: shehena yote hiyo ina gramu 40 hivi za dawa.

Kisha ikaja hatua ngumu. Maitansini hunasa tubulini, protini inayojenga nyuzi ambazo seli huzihitaji ili igawanyike. Haibagui seli gonjwa na seli nzima, hivyo wagonjwa waliojaribiwa waliumia mno kwa kutapika, kuharisha na kuishiwa nguvu. Ikawekwa kando.

Mafundi wengine hawakuitupa. Waliunda ndugu yake wa karibu, wakamfunga kwenye trastuzumabu, kingamwili inayoitambua protini ya HER2 iliyojaa juu ya seli za aina fulani ya saratani ya matiti. Kingamwili hubeba sumu hadi ndani ya seli hiyo, na huko ndiko inakofunguliwa. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha dawa hiyo, trastuzumabu emtansini. Malighafi yake hutoka kwa bakteria wanaokuzwa kwenye matangi, kwa hiyo miti ya Shimba Hills haihitaji kukatwa.

Ndiyo maana nasikitika kila mgonjwa anapoambiwa aache hospitali akachemshe mizizi. Sufuria haiwezi kutenganisha dozi inayotibu na dozi inayoua. Kazi hiyo ilichukua watu wa nchi kadhaa zaidi ya miaka 40, na haikuwa na njia ya mkato.

Wapo watu wetu wanaoifanya kazi hiyohiyo, wakiwemo wale wa Taasisi ya Tiba Asili, Muhimbili, Tanzania. Wanahitaji kemikali, mashine na mishahara inayofika kwa wakati. Na mganga anayewaonyesha mti anastahili jina lake liandikwe na fungu lake alipwe, kwa kuwa bila yeye wasingejua pa kuanzia.