Mbitini Mbili

Ukambani kuna Mbitini mbili. Moja ni wadi ya eneobunge la Kitui Rural, kaunti ya Kitui. Nyingine ni wadi ya eneobunge la Makueni, kaunti ya Makueni. Mkazi wa mji wa Wote, kule Makueni, hapotei. Programu ya kompyuta ndiyo hupotea.

Tuseme kaunti hizi mbili zimepanga katika mfumo mmoja wa maombi ya basari: msimbo mmoja, seva moja, wapangaji wawili. Fundi mwenye haraka huandika /wadi/mbitini, akaona ukurasa umefunguka, akaenda zake. Mwenye subira huanza na jina la kikoa. Tangu HTTP 1.1 ilipotoka mwaka 1997, kila ombi la kivinjari sharti litaje tovuti linakokwenda. Ndiyo maana anwani moja ya IP hubeba tovuti nyingi. Fundi huyu hulisoma jina hilo kwanza, akamjua mpangaji, ndipo ageukie kinachofuata mkwaju (/). Mbitini haitafutwi kabla kaunti haijajulikana.

Mkwaju wenyewe ni mtihani. Wadi kadhaa za huku zinao ndani ya majina yao: Kyome/Thaana, Zombe/Mwitika, na ile niipendayo kuliko zote, Nzaui/Kilili/Kalamba. Ukilitia jina hilo katika anwani lilivyo, programu itasoma ngazi tatu. Kuufunika mkwaju kwa %2F nako kuna taabu, kwani programu ya seva ya Apache, isipoelekezwa vingine, hujibu kwamba ukurasa haupo. Kwa hiyo fundi huunda jina la pili la kutumika katika anwani tu, nzaui-kilili-kalamba, na lile rasmi haligusi.

Kazi ninayoistahi zaidi haionekani. Mtu aliyeingia kwa anwani ya Makueni akibahatisha nambari ya ombi la basari la Kitui, mfumo uliofumwa vizuri haumwambii "huruhusiwi". Hapo ungekuwa umekiri kwamba ombi lipo. Humjibu "halipo". Na haudanganyi sana, maana utafutaji ulikwisha kufungiwa ndani ya Makueni kabla nambari haijaangaliwa. Kinga hiyo huwekwa mahali pamoja, hata kijana atakayeajiriwa mwakani, akiandika ukurasa mpya kwa papara, asipate nafasi ya kuisahau.