Transpozoni za mtama zilivyonaswa

Zaidi ya nusu ya jenomu ya mtama, zao linalohimili ukame wa Kishapu na Shinyanga Vijijini, Tanzania, si jeni za mmea wenyewe. Ni transpozoni, yaani vipande vya DNA vinavyojinakili au kuhama kutoka sehemu moja ya kromosomu hadi nyingine. Timu ya Andrew Paterson wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, ilichapisha jenomu hiyo Januari 2009: herufi za DNA takriban milioni 730, asilimia 62 hivi zikiwa transpozoni.

Vipande hivi hutambuliwaje? Njia nyepesi ni kulinganisha: kompyuta inapewa transpozoni zinazojulikana za mahindi na mpunga, kisha inasaka jamaa zao. Ukoo ulio wa mtama peke yake unaponyoka. Njia ya pili ni kuhesabu kinachojirudia mara nyingi, ila zipo pia jeni halali zenye nakala nyingi.

Kinachokata shauri ni umbo. Retrotranspozoni nyingi za mimea, yaani zile zinazojinakili, zina ncha mbili zinazofanana, kila ncha ikianza na TG na kuishia na CA. Zinapojipachika huacha kovu: herufi kama tano za mahali hapo hujirudia pande zote mbili. Ukiona GATCC, kisha TG…CA, kiini, TG…CA, halafu GATCC tena, umemkamata mhamiaji. Ncha hizo huwa sawa siku ya kujipachika, kisha kila moja hubadilika kivyake. Tofauti zake ndizo zinazokadiria umri.

Yakishapatikana, maeneo hayo hufunikwa kabla ya kuhesabu jeni, kwa sababu retrotranspozoni hubeba jeni zake ambazo programu ingezihesabu kuwa za mtama.

Hapo ndipo penye mtego. MITE ni transpozoni fupi za herufi mia chache, zisizobeba jeni yoyote, lakini nazo hufunikwa pamoja na nyingine. Mwaka 2007 watafiti wa Brazili na Marekani walionyesha kuwa MITE imejirudia mbele ya jeni SbMATE, inayouwezesha mzizi kutoa sitrati na kuidhibiti aluminiamu ya udongo wenye tindikali. Marudio yalipozidi, ustahimilivu nao ulielekea kupanda.

Kwenye mbuga nyeusi za Kishapu aluminiamu si tatizo kubwa, maana udongo wake hauna tindikali. Geita, ambako mvua hunyesha zaidi na udongo huchujwa zaidi, swali hilo lina uzito. Kufunika transpozoni kunafaa kuhesabia jeni. Hakuelezi kwa nini mbegu mbili zenye jeni ileile hupishana shambani. Mtafiti wa mbegu wa Kanda ya Ziwa anayetaka jibu hilo azifunue, azisome pamoja na jeni zilizo jirani nazo.