Wachora Ramani ya Lava

Mei 2018 ardhi ilipasuka katikati ya makazi ya Leilani Estates, upande wa mashariki wa volkano ya Kilauea, Hawaii. Nyufa 24 zilifunguka moja baada ya nyingine, zikitema lava ambayo joto lake lilifikia zaidi ya nyuzi 1,100 za Selsiasi. Aliyesimama barabarani aliona moshi na lundo la mawe mekundu likimsogelea, basi. Mkondo unakotoka, unakoelekea na pale unapoanza kufurika kingo zake, hayo yalihitaji mtu wa kuyatazama kutoka juu.

Kazi hiyo waliifanya wanajiolojia wa kituo cha kuchunguza volkano cha Hawaii, kilichoanzishwa mwaka 1912, na mimi naihesabu miongoni mwa kazi za subira kubwa kabisa. Helikopta hukaribia kutoka upepo unakovuma, gesi ya salfa isije ikawafikia. Mwanajiolojia hushika kamera ya joto mkononi, akiielekeza nje pasipo kioo kati yake na lava, maana kioo cha kawaida huzuia mionzi ya joto: ukipiga picha kupitia dirishani, unachopima ni joto la dirisha. Hupiga picha mfululizo, kila moja ikirudia sehemu ya iliyotangulia, mpaka mkondo mzima uishe. Baadaye picha hizo huunganishwa na kulazwa juu ya picha ya setilaiti. Hapo lava iliyoganda juu, ambayo macho yangeiona nyeusi na kuidhania imepoa, hudhihirika kuwa bado ina moto mkali chini ya ganda lake.

Hata hivyo kamera haimwondolei mtu kazi ya kutazama. Lava laini, pahoehoe, ikiwa changa humetameta rangi ya fedha. Lava ya aina nyingine, ‘a‘ā, ni ya kahawia, yenye mabonge na makali. Aliyezoea huzitofautisha akiwa bado mbali.

Na ramani ikishakamilika, huwa imeanza kuchakaa. Mwanzoni mwa Juni, lava ya ufa namba 8 ilifika Kapoho, umbali wa kilomita 13 hivi, ikaijaza ghuba yake yote kwa muda mfupi mno. Wakaruka tena, wakachora upya, na maofisa wa uokoaji wakapata pa kuanzia.

Hadi mlipuko unakoma, lava ilikuwa imefunika kilomita za mraba 35 na kuteketeza majengo zaidi ya 700. Haikuua mtu hata mmoja.