Pongezi kwa Wasomaji Wasiotajwa

Makala ya utafiti ikifika kwa mhariri, mara nyingi huondolewa jina la mwandishi, ikapelekwa kwa wasomaji wawili wa fani husika. Hao ndio ninaowapongeza. Husoma usiku, wakishamaliza kufundisha na kusahihisha mitihani, aghalabu bila malipo. Huuliza: Je, data inabeba hoja? Mbona mtafiti aliyetangulia hakutajwa? Mswada wangu wa kwanza ulirudi na kurasa nne za maswali. Niliumia wiki nzima, kisha nikaona kwamba walikuwa wameuokoa. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambalo chimbuko lake ni Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930, linategemea jasho la watu kama hao.