Machozi Hayana Vina

Kuna dhana imejengeka vijiweni kwetu sisi waandishi chipukizi: eti bila kuumia, huandiki. Mshikaji akiachwa na mpenzi wake anajifungia chumbani, anajaza daftari usiku kucha, kesho yake anakuja kutusomea huku sauti ikimtetemeka. Tunamwonea huruma, tunapiga makofi. Shairi lenyewe je? Tuseme kweli: mara nyingi pale hakuna shairi, kuna machozi tu. Na wapo wale wapole, wasio na makeke, wanaokata tamaa kabisa: "Mimi mzuka haunipandi, labda siyo mwandishi."

Hebu tumtazame Shaaban Robert. Alifiwa na mkewe, Amina, akamtungia shairi lililomo katika Maisha Yangu. Msiba ule ulikuwa wake, tena wa kweli. Hata hivyo hakumwaga majonzi ovyo karatasini. Anasema na marehemu kana kwamba anamsikia, anamfananisha na ua, anamwombea, kisha anarudi kwenye mapenzi yao kama fundo lisilo na wa kulifungua. Simanzi inapita ndani ya vina na mizani kama maji ndani ya mfereji. Maana anayehesabu mizani hawezi kulia tu. Lazima asimame, apime neno, alitupe, atafute jingine. Katika kutafuta huko ndiko majonzi yanakogeuka kuwa fikra. Ndiyo maana hata sisi tusiomjua Amina tunamlilia.

Atatokea mtu aseme: vina ni pingu, bwana! Haya, mchukue Euphrase Kezilahabi, aliyezivua pingu hizo katika Kichomi (1974), wanamapokeo wakamjia juu. Jina la diwani lenyewe ni la maumivu. Je, alijimwaga? Hata kidogo. Alipoacha mizani alishika taswira, akaifanya ndiyo ibebe uchungu badala ya kupiga kelele yeye mwenyewe. Shaaban alikuwa mtu wa imani na mawaidha. Kezilahabi mtu wa kuhoji na kutilia shaka. Hulka zao ni mbalimbali kabisa, na kila mmoja alichimba mfereji unaomfaa. Lakini hakuna aliyeyaacha maji yatapakae uani.

Wanasaikolojia nao wana neno hapa. Mwaka 1987 Mmarekani Robert McCrae alichapisha utafiti juu ya hulka na uwezo wa mtu kuzua mawazo mengi tofauti. Hulka aliyoikuta ikiandamana na uwezo huo ni ile ya kuwa wazi kwa mambo mapya. Tabia ya kuwa na wasiwasi na huzuni za mara kwa mara haikuandamana nao. Kwa hiyo yule mpole wetu asijitoe mapema, na yule anayejiharibu kwa pombe ili apate stimu ya kuandika anajiharibu bure.

Sisemi hisia zifungiwe kabatini. Anayezizuia kabisa ataandika mashairi makavu kama tangazo la serikali. Ninachosema ni kwamba daftari la usiku ule si kazi iliyokwisha, ni udongo wa mfinyanzi. Liache wiki mbili. Ukilirudia, uliza: neno gani hapa linamgusa mtu asiyemjua mpenzi wangu? Hilo libaki. Mengine yote futa.

Lia kwanza, ndugu yangu. Halafu ndipo ushike kalamu.