Mtupa Makombo wa Thomas Hardy

Diwani ya Thomas Hardy iitwayo Poems of the Past and the Present ilitoka mwaka 1901. Shairi lake mashuhuri ni lile la ndege aimbaye gizani, lililotiwa tarehe ya 31 Desemba 1900, nalo limeingizwa katika mikusanyo isiyohesabika. Kurasa chache kabla yake lipo shairi dogo la mishororo minane, “Birds at Winter Nightfall”, ambalo wengi hulipita bila kusimama. Ni hasara yao. Kisa chake ni chepesi: jua limekuchwa, theluji inazidi kuanguka kuizunguka nyumba, matunda madogo ya vichakani yamekwisha, na yule mtu aliyezoea kutoka na makombo hatoki tena.

Msomaji wa pwani anahitaji kujua mambo mawili. Kwanza, ndege hawa ni wale waliobaki. Mbayuwayu wa Dorset, jimbo alikoishi Hardy, huondoka mapema na kwenda kusini hadi Afrika Kusini. Wasio na safari hiyo huukabili usiku wa Desemba unaofika saa 16. Ndege mdogo wa bustanini huko ana uzani wa gramu 11 hivi, na akilala na njaa, shahamu aliyoipata mchana huenda isimfikishe alfajiri. Pili, kuwamwagia ndege chakula kulienea sana Uingereza baada ya baridi kali ya 1890 na 1891, magazeti yalipowahimiza watu watoe makombo yao. Basi mtu wa shairi hili si mtakatifu. Ni mwenye nyumba kama jirani yake, anayefungua mlango, akakung’uta kitambaa cha meza, kisha akasimama dirishani kutazama.

Hardy amempindua mtazamaji huyo. Wasemao ni ndege. Nyumba inaonekana kutoka nje, na mtu anajulikana kwa jambo moja tu, kwamba hutupa makombo. Hana jina wala uso, na hana huruma inayotajwa.

Umbo la shairi ni trioleti, bahari kongwe ya Kifaransa. Ina vina viwili tu. Mshororo wa kwanza hurejea kuwa wa nne na wa saba, na wa pili hurejea kuwa wa nane, hata mishororo iliyo mipya ikabaki mitano. Mtu aliyelelewa na mashairi yetu atadhani anakijua kitu hicho, kwa kuwa kituo nacho hurudi mwisho wa kila ubeti. Lakini kituo chetu aghlabu hurudi kikiwa kizima, kama nguzo. Wa Hardy hurudi ukiwa umevunjwa viungo. Mara ya kwanza unatoa habari: theluji inaongeza mbio kuizunguka nyumba. Mara ya pili nusu yake ya mwanzo inamalizia habari ya vichaka, nusu ya pili inakuwa ukelele, na neno la mwisho linavuka mpaka kwenda kumfungia mtu ndani. Mara ya tatu nusu ya mwanzo inamalizia habari ya uwanja wa nyasi. Maneno ni yale yale, maana imehama, na theluji imekuwa nyingi zaidi ya ilivyokuwa mistari sita nyuma. Hapo ndipo ustadi ulipo.

Kasoro ipo. Ili kupata kina, Hardy amelivuta jina la kichaka kimoja na kulikata kwa kistari. Wazee wa vina wa visiwani wangemkemea, na wangekuwa na haki.

Hatari kubwa kwa msomaji wetu ni mazoea ya fumbo. Katika nyimbo za taarabu njiwa si njiwa na kasuku si kasuku. Ndege ni mtu aliyefichwa, na raha ya msikilizaji ni kumfichua. Kwa ufunguo huo, ndege wa Hardy watageuzwa mafukara wa mjini na mtupa makombo atageuzwa tajiri aliyefunga mlango. Shairi halikubali. Hakuna lawama ndani yake wala shukrani. Ndege hawajui kwa nini mtu hatoki, wanajua hatoki. Ukiwafanya watu, utawapa sababu na kinyongo, na njaa yenyewe itatoweka.

Kwa hiyo mfasiri ana mitego yake. Akiandika “kipupwe” ameshapotea, maana kipupwe chetu hakigandishi kitu. Akimwita mtu yule “mfadhili” amemsifu, na Hardy hakumsifu. “Mtupa makombo” ndilo jina la haki. Gumu zaidi ni “sisi”. Katika Kiingereza neno hilo linajitokeza mara moja tu, katika mshororo wa sita, na ndipo msomaji anapong’amua kuwa ni ndege wanaosema. Kiswahili kina tabia ya kuchomeka “-tu-” katika kila kitenzi. Mfasiri akiandika mapema kwamba mtu yule “alitutupia”, amevujisha siri ya shairi. Tarjuma nzuri itaificha “-tu-” hiyo mpaka wakati wake ufike.

Trioleti inayofuata katika diwani, “The Puzzled Game-Birds”, ifasiriwe pamoja na hii. Humo husema ndege waliofugwa kwa ajili ya windo, na wanauliza kama hao wanaowaua sasa ndio wale wale waliowalea. Mtupa makombo wa shairi la kwanza amefunga mlango tu. Mlishaji wa shairi la pili amerudi na bunduki.